Pipa moja, magari mawili: oili ya Canter na Mazda "inayozaa"

BARUA

Shikamoo mzee wangu wa gereji,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nafanya biashara ya viazi hapa Makambako. Nina Canter ya zamani, injini yake 4D33, niliachiwa na marehemu mume wangu na ndiyo inayotulisha. Inapakia viazi upande wa Njombe, inashusha Dar, ikirudi inabeba saruji au mizigo ya wenye maduka. Dereva ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Mwaka jana tulipovunja kikoba nikaongeza na cha kwangu, nikanunua Mazda CX-5 ya dizeli ya mwaka 2013, imetoka Japani. Hiyo naendesha mwenyewe: nyumbani, sokoni, shule kwa mtoto, Jumapili kanisani. Kutoka nje ya mji ni mara moja moja sana.

Nilichoka kununua oili kwa galoni maana kila sevisi bei imepanda. Nikajikaza nikanunua pipa zima, lita 208. Limeandikwa 15W-40, na chini yake CI-4. Muuzaji akaniambia, mama, hii ni oili ya dizeli, weka kwenye dizeli yoyote. Nikajua nimemaliza. Kumbe ndiyo nimeleta vita nyumbani.

Fundi wa Canter, mtu mzima anayeheshimika hapa mjini, anasema oili hiyo ni nyepesi mno kwa injini iliyochoka. Yeye tangu ujana wake anaweka SAE 40 ya namba moja (yaani yenye 40 peke yake, siyo namba mbili kama 15W-40), na kwa kuwa Canter sasa inakula oili (tunaongeza lita moja kila safari ya Dar, kwenda na kurudi), anataka tuhamie 50 kabisa. Shemeji naye anasema pipa limechakachuliwa. Ushahidi wake ni kwamba tukimwaga oili leo tukaweka mpya, kesho kutwa ukichomoa dipstiki imeshakuwa nyeusi kama wino. Lakini lakiri ya pipa niliikata mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Kwenye Mazda, kijana wa gereji nyingine aliweka oili ya pipa hilohilo. Huyo hana neno, tena anasifia. Anasema gari hili halili oili, linazaa oili. Ni kweli, nimeona kwa macho yangu: alipoiweka ilikuwa sawasawa na alama ya juu, leo ni wiki ya saba imepita alama ile kama upana wa kidole. Nilidhani ni baraka. Ila kuna taa ya rangi ya machungwa imeanza kuwaka kwenye dashibodi, mfano wa kiboksi chenye vidoti ndani, mara inawaka, mara imezima. Na dizeli naona inaisha haraka kuliko mwanzo.

Naomba unisaidie, baba. Pipa langu linafaa magari yote mawili, au moja, au hela nimetupa? Nimfuate fundi kwenye hiyo 50? Na huo weusi ni uchakachuaji kweli?

Mama Viazi, Makambako

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye neno moja: linazaa. Uliniuliza habari za namba na nitakujibu, lakini kwanza tumalize hili la uzazi. Na kama Mazda ipo uani hapo, funguo ziache mezani mpaka ufike mwisho wa maneno haya.

Injini haizai oili. Ukiona oili imepanda kwenye dipstiki na hakuna aliyeongeza, kilichoingia ni maji au ni dizeli. Maji yangeifanya oili ifanane na chai ya maziwa, na maji ya rejeta yangekuwa yanapungua. Hujataja lolote katika hayo. Basi mtoto huyo baba yake ni dizeli. Chomoa dipstiki uinuse, utamjua.

Sasa imefikaje huko? Kwenye bomba la moshi la CX-5 yako kuna chujio la masizi, ndilo mafundi wa mjini wanaloliita DPF. Kile kiboksi chenye vidoti kwenye dashibodi ni picha yake. Chujio likijaa masizi, kompyuta ya gari inaamua kuyachoma. Inapuliza dizeli kidogo ndani ya silinda kwa kuchelewa makusudi, wakati mlipuko umeshapita, ili dizeli hiyo iende ikaunguzwe mbele kwenye bomba, joto la chujio lipande kufikia kama nyuzi 600, masizi yateketee. Kazi hiyo inahitaji injini ya moto na gari linalotembea, dakika 15 hadi 20 bila kuzimwa.

Sasa pima na maisha yako. Sokoni dakika saba, umezima. Shule dakika tano, umezima. Kila ukizima, uchomaji unakatikia njiani, na safari ijayo unaanza upya kwa dizeli nyingine. Na hiyo dizeli ya kuchelewa haiendi yote kwenye bomba. Nyingine inagonga ukuta wa silinda, inateleza kupita kwenye ringi za pistoni, inashuka chini kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kukaa na oili. Ndiyo sababu tangi linaisha haraka na dipstiki inapanda.

Mazda wenyewe wanaijua tabia hii ya injini yao. Ifute dipstiki uiangalie vizuri kwenye mwanga: kuna alama ya chini, kuna alama ya juu, halafu juu zaidi kuna herufi X. Magari mengi hayana herufi hiyo. Maana yake ni kwamba oili ikifika pale, imwagwe, hata kama kilomita za sevisi hazijatimia. Upana wa kidole juu ya alama ya juu, ama umeshafika kwenye X ama uko mlangoni.

Ukiendelea kutembea hivyo, oili inakuwa nyepesi kama maji na beringi zinaanza kulika, turbo ikitangulia maana yenyewe inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Hiyo ni hatari ya polepole. Ya ghafla ni kwamba oili ikizidi, krenki, chuma kile kinachozunguka chini ya injini, inaipiga na kuirusha, matone yananyonywa kupitia bomba la kupumulia, yanaingia pamoja na hewa. Na injini ya dizeli haichagui chakula. Inaanza kuchoma oili yake yenyewe, mwendo unapanda, unazima swichi haizimi. Nimewahi kuliona hilo kwa macho, miaka ya nyuma, kwenye pikapu moja gereji niliyokuwa nafanya kazi. Moshi ulifunika uwanja wote, mlio ukapanda mpaka ukawa kama king'ora, sote tukatoka mbio hadi barabarani. Iliponyamaza tulirudi tukakuta konrodi imetoboa ubavu wa injini, imechungulia nje.

Kwa hiyo fundi aje nyumbani, amwage oili palepale, abadilishe na filta. Mwambie pia jambo ambalo wengi wanaliruka: kompyuta ya CX-5 inahesabu umri wa oili na dizeli iliyoingia humo, hivyo akishaweka mpya aiambie kompyuta kwamba hii ni mpya. Asipofanya hivyo itaendelea na hesabu ya zamani.

Usimruhusu arudishe ya kwenye pipa.

Hapa ndipo tunaingia kwenye swali lako lenyewe. Muuzaji alikuambia nusu ya ukweli. Hiyo ni oili ya dizeli, tena nzuri. Lakini dizeli mbili ulizo nazo si za ukoo mmoja. Wewe unapika kwa mkaa, utanielewa haraka: mkaa unaungua, majivu yanabaki. Chujio la Mazda linaweza kuchoma masizi, haliwezi kuchoma majivu. Na majivu yanatoka kwenye oili. Ndani ya oili kuna madini, kalisiamu na zinki na wenzake, yaliyowekwa ili kuua asidi na kulinda chuma. Kila tone la oili linaloungua kwenye silinda linaacha madini hayo kwenye chujio, na yakishakaa hayatoki kwa kuendesha.

Oili za CI-4 zimejaa madini hayo, kwa kawaida majivu yake yanapita asilimia moja. Kwa Canter hilo ni jambo jema sana. Kwa Mazda ni kumwaga majivu kwenye pua ya mtu. Wajapani walitengeneza daraja maalumu la magari madogo ya dizeli yenye chujio, linaitwa JASO DL-1, na majivu yake hayazidi asilimia 0.6. Ulaya wana lao, ACEA C3, lisilozidi 0.8. Kwa CX-5 yako tafuta DL-1 ya 5W-30 au 0W-30. Ukikosa, C3 ya 5W-30. Inachukua lita 5 na kidogo. Bei ya lita moja itakushtua, ila nakuomba uilinganishe na bei ya chujio jipya, siyo na bei ya pipa.

Kuna muuzaji atakayekuambia chukua CK-4, ndiyo mpya, inaendana na DPF. Ni kweli CK-4 imeanza Desemba 2016 na imetengenezwa ikijua habari za machujio, lakini machujio ya malori makubwa, ambayo ni mapana kama ndoo. Majivu yake yanaruhusiwa kufika asilimia 1.0. Kwa Mazda bado ni mengi.

Halafu Mazda yenyewe uipe barabara. Mara moja kwa wiki shika njia ya kuelekea Mafinga, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, mwendo wa kawaida usiosimamasimama. Taa ya kiboksi ikiwaka na kutulia, endelea kuendesha mpaka izime. Ikianza kumetameta, hapo barabara haitoshi tena, nenda kwa mwenye mashine ya kupimia. Na wewe badilisha oili kila kilomita 5,000 au miezi sita, hata kama kitabu cha Japani kinaruhusu zaidi. Wao dizeli yao salfa haizidi 10 katika milioni, yetu kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza Januari 2015 kiliruhusu hadi 50. Na wao hawana vumbi la Makambako. Atatokea fundi wa kukushauri chujio litolewe, litobolewe, mambo yaishe. Mimi sifanyi kazi hiyo na sikushauri. Kompyuta itaendelea kupuliza dizeli kuchoma masizi ya chujio lisilokuwepo, isipokuwa nayo ichezewe, na wanaoijua kuichezea vizuri ni wachache kuliko wanaojitangaza.

Tuje kwa Canter, ambayo mimi naipenda zaidi, sitaficha. 4D33 ni injini ya watu: haina kompyuta, haina turbo, haina chujio la masizi, ukiiheshimu itakuzika.

Soma herufi kwanza, namba baadaye. Watu wengi wanafanya kinyume, wanauliza "hii ni ngapi?" kabla ya kuuliza "hii ni ya nini?" Herufi za Taasisi ya Petroli ya Marekani, zile za API, zinaanza na S kwa petroli na C kwa dizeli. Herufi inayofuata C ni umri wa daraja: CD ni ya mwaka 1955, CF-4 ya 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002. Kila inayofuata inabeba masizi mengi zaidi bila kuganda. Injini yako ilizaliwa enzi za CD na CF, kwa hiyo CI-4 iko juu ya mahitaji yake, na hilo halina madhara. Ila epuka FA-4, ambayo ni nyepesi kwa makusudi na ni ya injini za kisasa tu. Na ukiona galoni imeandikwa SL/CF, ile herufi iliyotangulia ndiyo kazi yake kuu: hiyo ni oili ya petroli iliyoomba na kibali cha dizeli. Ya dharura barabarani sawa, ya kudumu hapana.

Sasa namba, na hapa naomba fundi wako anisamehe, maana mimi mwenyewe niliamini kama yeye kwa miaka. Anasema 15W-40 ni nyepesi kuliko SAE 40. Ikiwa baridi, ndiyo. Ikiwa ya moto, hapana. Oili ili iitwe 40 inapimwa ikiwa na joto la nyuzi 100, na uzito wake wa kutiririka, unaopimwa kwa sentistoksi, lazima uwe kati ya 12.5 na 16.3. SAE 40 yake inapita mtihani huo. 15W-40 yako inapita mtihani huohuo. Canter ikishapata moto, ikishika mlima Kitonga na saruji mgongoni, hakuna beringi itakayojua tofauti.

Tofauti iko asubuhi. W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, na 15W maana yake oili hiyo imejaribiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na injini ikaweza kuzungushwa. SAE 40 ya namba moja haijafanya mtihani huo kabisa. Wewe una jiko, mwezi wa sita na wa saba unajua mafuta ya kula yanavyokuwa asubuhi: chupa unaigeuza juu chini, yamekaa, mpaka uiweke karibu na moto. Oili ya namba moja haigandi kiasi hicho, lakini inaelekea huko. Shemeji anawasha saa kumi na moja alfajiri, taa ya oili inachelewa kuzima, na sekunde zile zote juu kule kwenye valvu chuma inasugua chuma. Akiwa na 15W-40 oili inafika mapema. Kwa gari linalolala Makambako na kushinda Ubungo ndani ya siku mbili, lililo na baridi ya huku na joto la kule, oili ya namba mbili ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Habari ya 50. Canter inakula lita moja kwa kama kilomita 1,300. Kwa injini ya umri huo mimi sioni msiba hapo. Kabla ya kuiongezea uzito, jueni inakopotelea. Laza kadibodi chini yake usiku kucha. Asubuhi uone kama inavuja, na inavuja wapi. Mwambie shemeji aangalie moshi kwenye kioo: wa bluu asubuhi tu kisha unapotea ni sili za valvu zimekauka, wa bluu unaokuja akipanda na mzigo ni ringi. Halafu injini ikiwa ya moto, ipo sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), fungua kifuniko cha kujazia oili ukiweke juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitetemeka, ni uzee wa kawaida. Kikirukaruka na pumzi zikatoka kwa vishindo, silinda zimechoka na hakuna oili ya namba yoyote itakayozirudisha. Anza kuweka akiba ya kufanya ovahoo.

Mimi 50 siikatai kwa kila gari. Kama oili ikiwa ya moto kabisa na gari lipo sailensa taa ya oili inaanza kumeta, basi beringi zimeachia na 20W-50 yenye herufi za dizeli, CF-4 kwenda juu, itakununulia miezi kadhaa ya kutafuta hela ya krenki. Hujaniambia kuwa taa inawaka. Kama haiwaki, baki na pipa lako.

Na weusi? Shemeji yako ni dereva mzuri, lakini hapa kamsingizia mwenye duka. Oili ya dizeli inatakiwa iwe nyeusi. Dizeli inatoa masizi, na kazi ya CI-4 ni kuyashika yaelee yasigande kwenye ringi. Tena ukimwaga, oili ya zamani haitoki yote, inabaki kwenye njia ndogondogo na kwenye kuta, na kiasi hicho kidogo kinatosha kuitia rangi ile mpya siku hiyohiyo. Mimi oili ya Canter ikikaa wiki mbili ya rangi ya asali ndiyo naanza kuuliza maswali.

Kama anataka ushahidi, mpe huu. Nyumbani kwako najua kuna kadi za michango ya harusi, hazikosekani kwa mfanyabiashara. Chukua moja nene, upande ule usiong'aa. Injini ikiwa imetoka kazini, chomoa dipstiki, dondosha tone moja katikati, ilaze mahali pasipo upepo mpaka kesho yake. Oili iliyo hai inatawanya: katikati ni kiza, kisha kijivu kinafifia taratibu kuelekea nje. Iliyokufa inakuacha na kidonge cheusi chenye ukingo mkali kama kimekatwa kwa wembe, na nje yake hakuna kitu. Hiyo masizi yameishinda, imwagwe. Ukiona duara pana la njano linalopitisha mwanga limezunguka nje, ni dizeli. Fanya na tone la Mazda kabla haijamwagwa, uziweke kadi mbili pamoja, halafu muite yule kijana wa "linazaa" aje aone. Kwa Canter, piga tone kila safari ya tatu. Kwa kawaida utamwaga kila kilomita 5,000, yaani safari nne hivi za Dar.

Kuhusu pipa, hela hukutupa. Ni chakula halali cha Canter, na kinafaa pia trekta za zamani, mashine ya kusaga ya dizeli na jenereta. Kwa gari moja ni oili ya miaka, kwa hiyo ongea na wenzako wenye Fuso na Canter za zamani, mgawane kwa kupima kwa lita, kila mtu aje na dumu lake safi. Lisikae wima uani. Maji ya mvua yanatuama juu ya pipa, usiku pipa linapoa na kuvuta pumzi, maji yanapenya kwenye kizibo hata kama kimekazwa. Liingize ndani. Kama nafasi hakuna, lilaze juu ya mbao, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, kimoja kisiwe juu ya kingine, kisha ulifunike turubai. Na likiisha, litoboe kabla ya kuliuza. Mapipa mazima yenye nembo safi ndiyo yanayorudi sokoni na uchafu ndani, na hapo shemeji atakuwa na haki ya kulalamika.

Umesema Mazda iliwekwa oili ya pipa wiki saba sasa. Kwa muda huo chujio halijafa. Mwageni kesho, weka DL-1, Jumamosi elekea Mafinga, na jicho lako liwe kwenye ile taa. Ukirudi chomoa dipstiki gari likiwa limesimama pasawa, weka alama kwa wino kwenye karatasi, wiki ya pili upime tena. Ikiwa bado inapanda wakati umeipa barabara, niandikie, tutazungumza habari za nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda.